Kata

Baba alishika ncha moja ya kamba,
Bwana Tanasi akashika nyingine,
katikati yao mashimo ya kahawa, futi nane kwa nane,
na Mgiriki yule, kafumba jicho moja kama mwenye kulenga ndege,
akapaza sauti: Katefthinsi!
Baba akasikia: Kata.
Basi akakata
mgomba wa mchare uliosimama njiani pa kamba,
mkungu wake bado mchanga.
Siku hiyo waligombana kwa lugha tatu,
wala hakuna iliyofika.

Neno likabaki kwetu Kibosho
kama sufuria ya kuazima isiyorudishwa.
Mstari wa daftari ukipinda, Baba hutikisa kichwa:
"Hapa hakuna katefthinsi."
Mama akinituma chumvi: "Katefthinsi, mpaka dukani,
usipitie kwenye gololi!"
Mashamba yakataifishwa, Bwana Tanasi akaondoka
na masanduku mawili. Kamba aliiacha.

Mimi nikawa mpima ardhi.
Nimechimbia vigingi vya zege Moshi nzima,
najua digrii za kila uchochoro wa Majengo,
wala sikuwahi kuuliza neno lile lilizaliwa na nani.

Juni iliyopita aliingia ofisini mama mwenye mvi,
ramani mkononi, mikunjo imeshakula majina.
Evanthia, binti Tanasi. Kiswahili chake
kilikuwa cha jikoni, cha mtoto wa miaka sita.
Anatafuta nyumba yao.
Nikamwelekeza tunavyoelekezana:
Panda. Ukikuta mfongo usiuvuke, ufuate.
Kwenye mgrevilea uliopigwa radi, kata kulia,
shuka kidogo, ulizia kwa mzee Ndesario.

Akacheka. "Kata?
Hata sisi tunayo."
Akatandaza kiganja hewani, akakishusha taratibu
kama anayepapasa mgongo wa ng'ombe:
kata yao ni kushuka na kitu, kukifuata.
Efthis ni nyoofu.
Ziunganishe: kushuka na jambo mpaka linyooke.
Na mzizi huohuo, akasema, umezaa neno la wajibu,
maana zamani sana kule Athene
mwenye cheo akimaliza zamu yake
alisimamishwa mbele ya watu, anyooshwe:
fedha zetu ziko wapi?
Nikamkumbuka diwani wa kata fulani.
Nikanyamaza.

Usiku ule sikulala. Nikalichimba la kwetu.
Mwelekeo. Kuelekea. Eleka,
kumbeba mtoto mgongoni, fundo la mbeleko kifuani.
Kama ni ndugu sijui, wenye kamusi watanisuta.
Lakini mimi Kibo niliuona kwanza
juu ya bega la Mama Aikaeli akipalilia,
na kila alipoinama
mlima ulilala ubavu,
na kila alipoinuka ukarudi mahali pake.
Hiyo ndiyo kaskazini yangu, haina sindano.

Jumapili nikampandisha Evanthia.
Baba, macho yana ukungu, alimshika uso kwa mikono miwili
akamtafuta baba yake humo.
Kisha akanituma darini.
Kamba ilikuwa imeliwa na panya ncha moja,
akaichukua yeye hiyo iliyoliwa,
ile nzima akampa mgeni.
Kahawa ilishang'olewa siku nyingi, sasa ni parachichi,
na katikati, palepale,
wajukuu wa mgomba ule, saba au nane,
wamesongamana kama watoto wanaochungulia dirishani.

Evanthia akafumba jicho moja.
"Kata?" Baba akauliza, na nilimwona,
miaka tisini, yuko tayari kabisa kukosea tena.
"Usikate."
Kamba ikalegea, ikauzunguka mgomba,
ikatokea upande wa pili imepinda kama mfongo,
nami, mpima ardhi wa serikali,
sikuandika digrii zake.